Jina la Mwavita Kwenye Karatasi ya Mradi

Kindu, tarehe 14 Machi 1989

Mpendwa dada Mwanahamisi,

Salamu nyingi toka kwetu Kindu hadi huko kwenu Bujumbura. Miguu yako inaendeleaje? Shemeji na watoto ni wazima? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini moyo umechoka.

Mdogo wetu Mwavita anaumwa. Ni sida, dada, sitakuficha, ule ugonjwa redio inaouita ukimwi, ile ile iliyomwondoa mumewe Waziri mwezi wa kumi na mbili. Amekonda, mdomo umejaa vidonda, hata bugali haipiti.

Unajua kazi yangu ni kuandika karatasi kwenye dispanseri. Toka mwaka jana wazungu wanatuma feza za sida, tunapata dawa za vidonda, maziwa ya unga na sabuni. Lakini zimekwisha kugawanywa huko huko kwao: fungu la wanawake wa baa, fungu la wenye malori, fungu la askari. Malori ya Kindu unayajua, dada, hata mawili hayafiki! Fungu lao linakaa kabatini na vumbi. Watu wa treni, kama marehemu Waziri, hawakuandikwa. Mjane wa nyumbani naye hakuandikwa. Nilimwuliza Zéphirin, mkubwa wa mradi. Akanijibu: «Kasimu, hii karatasi haiko miye niliandika. Kama haiko mu kikundi, hakuna kitu.»

Basi nikafanya ujinga. Mwavita alikuwa ndani ya eda, hatoki, nami nikamwandika katika fungu la wanawake wa baa bila kumwambia, nikawa nampelekea dawa mwenyewe. Vidonda vikapungua, akaanza kunywa uji. Nilifurahi mno, sikufikiri mbele.

Orodha hubandikwa mlangoni kila mwezi, watu wasiseme tumeiba. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mtaa mzima ulikuja kukata majani ya dispanseri, na ndugu za Waziri wakiwamo. Wakaisoma. Siku ile ile mama mkwe wa Mwavita, bibi Hawa, akaja kuchukua watoto wote wawili. Alisema hawezi kuwaacha wajukuu kwa malaya asiyefungwa hata na eda. Nimekwenda kwake mara tatu kueleza. Hanifungulii.

Mwavita hakulia. Akaniambia tu: «Kaka, unitoshe mule mu karatasi. Miye njo mujane wa Waziri. Afazali nikufe na jina yangu.» Nilimpigia magoti, mimi mkubwa wake. Hataki tena dawa, na zilizobaki ziko mezani hapa ninapoandika.

Nikalifuta jina. Kumbe karatasi inataka sababu, na imechapwa tatu tu: amekufa, amehama, ameacha umalaya. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Jana Zéphirin alinipa mkono mbele ya watu wote. Mwanamke wa kwanza wa Kindu kuacha umalaya, anasema, na wazungu wataandikiwa habari hiyo.

Sijui tena la kufanya, dada. Sijui kabisa.

Nisalimie shemeji Masudi na mama mkubwa Safi. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake. Mwavita naye anakusalimu. Anauliza kama bado unamwita mdogo wako.

Ndimi nduguyo nisiyekusahau,
Kasimu