Gonga Kabla ya Kukata

Sumbawanga,
9 Mei 2024

Mwanangu Lydia,

Salamu nyingi toka nyumbani. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, mama yako anakohoa kidogo lakini yuko shambani anavuna ulezi kama kawaida, hashikiki. Natumaini nawe u mzima huko Matai na gereji yako inakwenda. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Juzi nimeiona pikapu nyeupe ya Kristiana, yule mama anayeuza samaki wa migebuka, imesimama stendi hapa mjini. Nyuma imekaa chini kama kuku anayetaga. Nikamuuliza dereva, springi zimevunjika? Akacheka, akasema, "Hapana mzee, ameishusha binti yako." Nikavua koti, nikalala chini ya gari mbele ya watu. Mzee wa miaka sitini na sita, chali kwenye vumbi la stendi!

Umezitoa springi juu ya ekseli ukaziweka chini yake. Hilo ningelimeza. Lakini umekata chesisi! Umeimega kwa chini kipande cha nusu mwezi, kushoto na kulia, ili ekseli ipate pa kupanda gari likidunda. Lydia, chesisi ni uti wa mgongo. Nani alikufundisha kukata uti wa mgongo? Si mimi. Miaka kumi na moja umeshika grenda mbele ya macho yangu, hukuniona hata siku moja nikikata chesisi ya mtu. Babu yangu aliyeyusha chuma kwenye tanuru la udongo hapa hapa Ufipa, akafua majembe, na hakuna aliyerudi kulalamika. Leo jina hilo unalipeleka kwenye mashindano ya vijana wanaotaka gari liguse lami?

Rudisha gari hilo lilivyokuwa. Sikuombi.

Baba yako,
Alfonsi

*

Matai,
13 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na gereji ni nzima. Mpe Mama pole ya kikohozi, mwambie nitamletea asali. Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi, imekunjwa kwa hasira mpaka bahasha imechanika.

Kwanza, nimekupigia simu mara sita. Ama hupokei, ama ukipokea unasema "ndiyo, ndiyo, haya," halafu unakata. Kama hutaki kuongea na mimi tangu nilipoondoka hapo, sema. Usinikatie kama mtu aliyekosea namba.

Halafu huyo Kristiana. Hukuuliza hata kwa nini. Unajua miguu yake haijamsaidia tangu utotoni. Kila safari wanaume wawili walikuwa wanambeba na kumpandisha nyuma ya gari lake mwenyewe kama gunia la mahindi. Mwaka jana sokoni kitenge kikamvuka mbele ya watu, na watu wakacheka. Akaja kwangu akaniambia, "Fundi, nataka kupanda gari langu bila kuguswa na mwanaume." Hakuna kijana hapo, Baba, wala mashindano. Sasa unalazwa ubao mmoja, anasukuma kiti chake cha magurudumu kwa mikono yake, anapanda, anakifunga kwa mikanda kwenye pete nilizochomelea. Siku ya kwanza alipanda na kushuka mara tisa. Alicheka, kisha akalia, nami nikalia pale pale na miwani yangu ya kuchomelea usoni.

Ndiyo, nimekata. Na kila nilipokata nimeweka bamba la milimita sita ndani na jingine nje. La ndani huwezi kuliona kwa kulala chali stendi. Ungegonga! Si wewe uliyenifundisha kwamba chuma kitupu kinalia, na chenye bamba kinajibu kifupi? "Gonga kabla ya kukata," mara ngapi umenipigia kelele hiyo? Kwa nini hukugonga?

Angeishusha Evans ungechinja kuku. Lakini kaka yangu hajui hata kuwasha mashine, na gereji umempa yeye. Nimesema.

Binti yako,
Lydia

*

Sumbawanga,
20 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu kwako. Hatujambo. Asali imefika, mama yako anashukuru.

Umeniuliza maswali kama hakimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi kosa ni langu, nilikuachia mdomo. Evans nimempa gereji kwa sababu ana watoto wanne na hana pengine pa kwenda. Wewe una mikono. Mwenye mikono hapewi gereji, anajijengea, na umejijengea. Sasa unataka nini tena, nikuombe radhi kwa kukuzaa na akili?

Kristiana namhurumia. Lakini huruma haichomelei chuma. Anashuka na gari hilo kwenda Kasanga kuchukua samaki, na mteremko ule unaujua. Likikatika pale, atakuwa amefungwa kwenye kiti chake kwa mikanda yako. Umeliwaza hilo? Mimi hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Hilo bamba la ndani kwangu ni maneno ya barua. Lete gari nilione.

Baba yako,
Alfonsi

*

Matai,
27 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sawa. Kristiana anakuja kliniki huko tarehe 5 Juni. Atakuachia gari asubuhi, atalichukua saa kumi jioni. Gonga kila mahali. Ukisikia utupu hata mahali pamoja, nafunga gereji yangu nakuja kukufagilia ya kwako, na Evans awe bosi wangu. Lakini usipousikia, utaniandikia kwa mkono wako kwamba kazi yangu ni nzuri. Nataka kwenye karatasi, kwa sababu mdomoni mwako haijawahi kutoka.

Binti yako,
Lydia

*

Sumbawanga,
7 Juni 2024

Lydia,

Salamu. Gari nimeliangalia. Bamba la ndani lipo. Kazi yako ni sahihi.

Mama yako amepona kikohozi.

Baba yako,
A.

*

Matai,
25 Agosti 2024

Baba,

Leo sikuamkii. Nimejaribu kuliandika neno lile mara tatu, mkono umekataa.

Tarehe 17 Kristiana alikuwa anashuka kwenda Kasanga. Kwenye kona ya tatu ya mteremko chesisi ilifunguka upande wa kushoto, nyuma ikakaa, tairi likakwama kwenye bodi. Mikanda ilishika lakini kiti kililala upande, naye akatanguliza mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika mahali pawili. Amefungwa hogo la plasta mpaka kiwiko. Mkono ndio mguu wake, Baba! Sasa yuko kitandani, analishwa na kugeuzwa na watu, na wanaume wamerudi kumbeba. Hajanitukana. Aliniambia tu, "Fundi, si ulisema itadumu kuliko gari lenyewe?" Afadhali angenitukana.

Hapa Matai wanasema waliyokuwa wanataka kuyasema siku zote, mwanamke na chesisi wapi na wapi. Watu wanne wamekuja kuchukua magari yao yakiwa hayajaisha. Mmoja alilikokota kwa kamba kuliko kuniachia.

Jana gari lililetwa kwangu, nikaingia chini yake, natafuta kosa langu. Upande wa kulia uko kama nilivyouacha. Wa kushoto umekatwa na grenda, umefunguliwa kama kopo, ukafungwa upya na kupakwa rangi nyeusi nisijue. Nimeikwangua. Mshono unaanzia kulia kwenda kushoto. Ni nani mwingine Rukwa nzima anachomelea hivyo kwa sababu ya bega alilovunja akiwa kijana?

Na ni mshono wa baridi. Umelala juu ya chuma, haukuingia. Wewe! Wewe uliyenichapa na tambara kichwani kwa mshono wa namna hiyo nikiwa na miaka kumi na tano! Uliniambia kuchomelea kuzuri kunasikika kabla ya kuonekana, kunachemka kama migebuka kikaangoni, na kukinyamaza simama uanze upya.

Ulifungua kazi yangu, ukaikuta nzima, ukaiharibu, ukaipaka rangi. Halafu ukaniandikia "kazi yako ni sahihi." Karatasi hiyo nilikuwa nimeibandika ukutani gerejini, wateja waisome. Nimeibandua. Njoo useme mbele ya Kristiana. Na niambie, kwa nini hukugonga?

Lydia

*

Matai,
8 Septemba 2024

Baba,

Wiki mbili. Kondakta anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, kisha ukaketi juu ya tairi. Kwa hiyo umeisoma.

Jana nilipiga simu na ukapokea. Nilisema yote, nililia, nikasema mkono hauungi sawasawa, huenda wakauvunja tena. Ukajibu, "Haya, msalimie." Nimsalimie nani? Mtu anakulilia unamwambia haya, msalimie? Hata mlevi ana maneno mazuri kuliko hayo.

Sitapiga tena, wala sitaandika.

Fundi Lydia,
Matai

*

Sumbawanga,
14 Septemba 2024

Kwa Fundi Lydia,

Salamu za kwangu hazina maana leo. Nauliza mkono wa Kristiana, na ninauliza wewe unakula au huli.

Mshono ni wangu. Naliandika hili kwanza, usije ukaichana barua kabla hujalifikia.

Umeniuliza mara mbili kwa nini sikugonga. Niligonga, Lydia. Niliizunguka chesisi ile kwa nyundo ndogo, nikachukua kubwa. Haikuniambia kitu. Sikio langu la kushoto limekufa, huu mwaka wa tatu. La kulia linasikia ngurumo ya radi na mama yako, na mama yako ni kwa sababu anapiga kelele mpaka majirani wanadhani tunagombana. Ni grenda za miaka arobaini. Sikumwambia mtu. Fundi asiyesikia chuma ni nani? Simu naiona ikiwaka, naiweka sikioni, nasikia kama nyuki. Nasema ndiyo, nasema haya, nakata kabla hujanigundua. Siku ile uliyolia sikujua kama unalia. Nilidhani unatoa salamu.

Ningeweza kumwita Evans asikilize. Ningeweza kukuandikia kwamba siwezi. Nikashika grenda nione kwa macho. Na nitasema lote, maana nusu nimekwisha kuificha sana: nilitaka nisilikute hilo bamba. Nilitaka uwe umekosea. Nikalikuta, limekaa vizuri kuliko ambavyo ningeliweka mimi. Ilikuwa saa tisa, Kristiana anarudi saa kumi. Nikafunga haraka haraka. Kama kilichemka au kilinyamaza, sikusikia. Nikachukua rangi.

Sikujibu barua yako kwa sababu nilijikasirikia kuliko ulivyonikasirikia wewe. Nyundo nimeitupa shimoni, mama yako akaenda kuiokota. Jana nimewasimamisha mafundi wote wa mtaa huu, na Evans akiwamo, nikawaambia kilichomwangusha Kristiana ni mshono wa Alfonsi, na kazi ya Lydia haikuwa na kasoro. Sikusikia walichojibu.

Mzee hamwamkii mtoto wake. Lakini bamba lile nililiona, na ninaliamkia: shikamoo.

Nina ombi moja. Niache nije niuchomelee tena mshono ule kwa mkono wangu, kabla sijafa na aibu hii.

Baba yako,
Alfonsi

*

Matai,
18 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula.

Bado nina hasira. Nilisoma barua yako nikalia, nikaisoma tena nikakasirika upya. Miaka mitatu! Niliondoka hapo nikiamini umenichoka, nikakutukana moyoni kila ulipokata simu, na kumbe ulikuwa husikii. Neno moja tu ungesema, na Kristiana leo angekuwa na mkono. Jumatano ijayo wanauvunja upya.

Ombi lako nimelikataa. Mshono ule hutaugusa.

Njoo na basi la Jumatatu. Kwanza utakwenda kwa Kristiana, umwambie kama ulivyowaambia mafundi. Atakachokujibu nitakuandikia kwenye karatasi, chote, hata kikiwa ni matusi, nawe utakisoma mbele yake. Kisha tutakwenda gerejini, milango ikiwa wazi watu waone. Utalala chini ya gari unishikie bamba. Mimi nitachomelea, na mimi nitasikiliza.

Simu sikupigii tena. Nitaandika.

Binti yako,
Lydia