Kiatu cha Mtu Mwingine

Gereji, chumba cha vipuri,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Kisigino,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. U hali gani? Shemeji hajambo? Mtoto ameota meno mangapi sasa? Sisi huku wazima, tunashukuru, isipokuwa goti la mama la kulia, ambalo siku hizi ndilo linalotutabiria mvua, na halijakosea hata mara moja.

Nimekuita Kisigino kwa makusudi. Tangu baba aondoke hakuna aliyekuita hivyo, nikaona jina lisizikwe pamoja na aliyekupa.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Unisamehe kwa kuchelewa. Uliuliza jambo dogo tu: kati ya yale magari matatu madogo yaliyoinuka uliyonitumia picha, lipi linavuta vizuri zaidi kwa magurudumu yote manne, maana nyumba mpya iko mlimani na zamu ya hospitali haimsubiri mtu. Swali la dakika tano kwa fundi. Mimi nimelizunguka wiki tatu, na utaona kwa nini.

Basi sikiliza. Lile jekundu linavuta magurudumu yote manne muda wote, upende usipende. Ukiingia kwenye utelezi halishtuki, kwa sababu lilikuwa tayari tangu nyumbani. Ila mafuta linakunywa, weee, na difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, inataka kuangaliwa mara kwa mara.

Lile jeupe linavuta kwa mbele tu. Ya nyuma yanaamshwa pale ya mbele yanapoanza kuteleza, na anayeyaamsha ni klachi ndogo iliyo karibu na difu. Kwa mtu wa kazini, sokoni na nyumbani linatosha kabisa, na mafuta utaona nafuu. Lakini klachi ile ukiichosha inapata joto, na gari linaikata lenyewe ili isiungue. Hapo umebaki na magurudumu mawili, na hujaambiwa chochote ila na kijitaa cha njano kwenye dashibodi.

La tatu lina mota ya umeme kwa nyuma, limejitegemea. Linaamka upesi, na kwenye foleni halina makuu. Mlima mrefu wa matope ungelishinda, lakini wewe una lami na barafu. Chukua hilo. Na usidanganyike na watu wa matangazo: magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, kusimama hayakusaidii. Breki ni zilezile. Kinachokushika barabarani ni tairi.

Na tairi ndilo lililonikalisha wiki tatu.

Kisigino, gari la baba lilikuwa la aina ya hilo jeupe. Nililichagua mimi, unakumbuka. Januari tairi lake la nyuma kushoto lilipasuka. Sasa, kila mteja anayekuja hapa huwa namwimbia wimbo mmoja: gari la namna hii matairi manne yawe saizi moja na yaliyoisha sawasawa, la sivyo klachi inadhani gari linateleza kila saa, inafanya kazi bila kupumzika. Nimegombana na watu kwa ajili hiyo. Halafu gari la baba yangu mwenyewe nikalifunga tairi kubwa kidogo lililokuwa kwenye rafu, eti la muda tu. Mganga hajigangi.

Baba akatoka kibandani kwake na sindano ya kushonea soli mkononi. Akalizunguka gari mara moja. Akasema, "Mwanangu, umelivalisha kiatu cha mtu mwingine. Litachechemea." Nikamcheka. Nikamwambia, "Mzee, wewe shona viatu, magari niachie mimi." Akacheka na yeye, akarudi kazini kwake. Miaka yote ile ya kutazama visigino vya watu, aliona kwa jicho kitu ambacho mimi sikujisumbua hata kukipima.

Wiki tano zikapita. Kijitaa cha njano kiliwaka mara mbili, kikazima. Nikasema ni waya.

Ile asubuhi niliyokupigia simu nilikwambia mvua ilikuwa kubwa na barabara mbovu. Mvua ilikuwepo, kweli. Lakini mlima ule gari lile lilishaupanda kwenye mvua mbaya zaidi. Kifua kilimbana baba saa moja na nusu, akinywa chai. Nikamweka kiti cha mbele, mama akakaa nyuma. Katikati ya mlima magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka palepale. Nikangoja ya nyuma yasukume. Hayakusukuma. Nikatia mawe, nikatia magunia, mama wa watu akashuka akasukuma na goti lake lile. Baba alikuwa ananitazama kwenye kioo cha pembeni. Alijua, Kisigino. Aliniambia tu, "Polepole, utaumia."

Tulikaa pale dakika arobaini mpaka dereva wa lori la mchanga akatuvuta. Tulifika hospitali. Yeye hakufika.

Wiki mbili baada ya mazishi nilifunga mlango wa gereji nikalifungua gari. Klachi ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Nikalipima lile tairi. Limezidi kwa upana wa kidole kimoja. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka wateja wakagonga wakaondoka.

Mama hajui. Mke wangu hajui. Watu wananipa pole, nami nazipokea kama mtu anayevaa koti la wizi.

Sasa na mimi nina swali. Wewe ni muuguzi wa wodi ya moyo. Bila tairi lile tungefika saa mbili na robo. Tulifika karibu saa tatu. Angepona? Daktari wa huku alisema siku yake ilikuwa imefika, lakini hivyo ndivyo wafiwa wanavyoambiwa. Wewe usinitulize. Nimekujibu habari za magari bila kukuficha kitu. Nawe nijibu hivyohivyo.

Msalimie shemeji, na mtoto mpe busu la mjomba wake. Mama anakusalimu, shangazi naye anauliza picha. Mungu akupandishe na kukushusha salama kwenye mlima wako. Na gari ukilinunua, matairi yote manne yanunue siku moja.

Nakupenda, hata kama barua yako itakayokuja haitaanza na "Mpendwa".

Kaka yako.