Nilidhani Ananisifu

Mwenzangu, upo? Usijibu, soma tu. Leo nimeumbuka, sijui uso wangu niuweke wapi.

Ile bendi ya jazi niliyokwambia nawaomba masomo? Yule mzee wa piano, kiongozi wao, alisema nipande jukwaani kwanza anisikie. Wewe si ndiye uliyenisukuma, eti video za simu hazitanifikisha popote!

Pale kila mtu anapiga peke yake kidogo, kisha anampisha mwenzake. Zamu yangu ikafika, nikapiga gitaa langu. Mzee akaniangalia, akainamisha kichwa. Nikajisemea, kumbe najua! Nikaanza mzunguko wa pili.

Akainamisha tena. Hapo nikanogewa, nikaingia wa tatu. Tena nimefumba macho. Nilifumba MACHO, mwenzangu!

Kumbe alikuwa ananiambia nimalize! Nafumbua macho, mwenye saksofoni kila akiipeleka mdomoni, anaishusha. Mpiga ngoma kaacha kupiga, kakunja mikono, watu hoi kwa kicheko. Mzee akashika kipaza sauti, akasema taratibu kabisa:

"Binti, na sisi tumo."

Na sisi tumo! Mbele za watu!

Nimetoka mbio kwa mlango wa jikoni, gitaa nimeliacha. Nakuomba ukanichukulie, mimi pale sikanyagi tena.

Ngoja, mzee kaniandikia.

"Gitaa lako ninalo. Masomo yanaanza Jumanne. Siku hiyo hutaligusa, utakaa usikilize wenzio."

Yaani kanikubali???

Nisindikize Jumanne. Ila wewe utabaki nje.