Kiti Kimoja, Mtu Mmoja

Mpendwa mshauri Bi Getruda, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana ukiisha hata ushauri wako hautanifaa.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makambako, mume wangu Halfan ni msafirishaji, anapeleka mbao na viazi Dar es Salaam. Sisi si wenyeji wa huku, tulitoka Kondoa tukiwa vijana, ila watoto wote wamezaliwa hapa. Binti yetu mkubwa Rehana amemaliza kidato cha nne amefaulu vizuri, na kuna shirika moja linalosomesha wasichana uuguzi, ofisi yao iko Dar es Salaam, na mambo yao yote wanayafanya kwa barua pepe, hawataki karatasi. Sasa hapa mjini kimefunguliwa chumba cha intaneti cha umma, unaingia bure, ila lazima ufuate kanuni walizobandika mlangoni. Nikamwomba baba yake amruhusu, akafikiri siku nyingi, mwisho akasema, "Aende, lakini wewe uwe umekaa naye pale pale. Vijana wa mjini siwajui." Nikakubali, na nilikubali kwa moyo mmoja, Bi Getruda, sikuwa na hila.

Tulipofika, kijana anayesimamia pale, anaitwa Anselmi, mtu wa Mlangali, mpole na mwenye heshima, akatuonyesha kanuni: kiti kimoja, mtu mmoja, haruhusiwi mtu kusimama wala kukaa nyuma ya mwenzake. Nikamweleza sharti la mume wangu. Akasema, "Mama, nakuelewa, lakini mwanzoni tuliwaachia watu wakaja wawili wawili, wakawa wanasoma barua za jirani. Kuna dada mmoja mambo aliyoandikiwa na mumewe yalifika sokoni kabla yeye hajafika nyumbani." Nikaona ana haki, basi nikakaa nje barazani na kitambaa changu nadarizi, Rehana akaingia peke yake. Jioni baba yake akauliza, "Mlikaa wote?" nami nikajibu, "Tulikaa wote," nikijisemea moyoni kwamba baraza na chumba ni jengo moja. Tukaenda hivyo mara nyingi, na kila mara aliuliza na kila mara nilijibu vile vile, mpaka ule uongo ukawa mwepesi mdomoni.

Siku moja akaja kunitafuta, alitaka ufunguo wa stoo, akanikuta pale barazani. Akatazama dirishani, na wakati ule ule Anselmi alikuwa ameinama juu ya kiti cha Rehana, mkono ameuweka kwenye kile kidude cha kuongozea mshale, akimwelekeza namna ya kutuma vyeti. Mume wangu hakupaza sauti. Alisema tu, "Zuena, ndiyo kukaa naye huku?" Akamwita binti, tukarudi nyumbani, na tangu siku ile Rehana haendi tena, na mimi nikisemeshwa ni kwa sababu ya chakula au wageni.

Siku hiyo hiyo Rehana alikuwa amesoma kwamba amechaguliwa, na kwamba kila aliyechaguliwa athibitishe mwenyewe na kutuma vyeti kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Baba yake hajui, nimeogopa kumwambia. Juzi nimekutana na Anselmi sokoni, akaniamkia, akasema, "Mama, simwoni Rehana. Nafasi ile itapotea. Aniandikie neno lake la siri, nimfungulie, nimjibie kwa jina lake, hakuna atakayejua." Nikarudi nikamwambia mwanangu, naye akainamisha kichwa akasema, "Mama, ukisema nimpe, nitampa."

Sasa Bi Getruda, nampa au simpi? Nikimpa nimemdanganya tena mume wangu, nisipompa nimeizima taa ya mwanangu kwa mkono wangu, na nikimwambia baba yake ukweli naogopa atasema kumbe yote yalikuwa uongo, hata hiyo nafasi. Halfan si mkatili, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Mama Rehana, Makambako

*

Kamwene, Mama Rehana, nakusalimu kama wasalimiavyo wenyeji wa huko. Majina yenu nimeyabadilisha kama ninavyofanya kwa kila anayeniandikia, kwa hiyo kunywa chai yako kwa utulivu wakati unasoma.

Usimpe. Anselmi ana moyo mzuri, sina shaka, lakini angalia alichokuomba. Alikukatalia kiti kwa sababu kanuni inalinda siri za watu, kisha akakuomba siri yenyewe. Mwenye neno la siri la Rehana ndiye Rehana, mbele ya shirika na mbele ya yeyote atakayemwandikia. Leo atajibu vizuri. Kesho akikosea au akihamishwa kazi, utamtafuta wapi? Tena fikiria siku Halfan atakapojua kwamba kijana wa watu anaandika kwa jina la bintiye. Ulichokuwa unakiogopa utakuwa umekijenga mwenyewe.

Sasa nikuseme kidogo, maana nakupenda. Umeandika kana kwamba mumeo amekasirikia kompyuta. Soma tena maneno yake. Hakusema neno juu ya kompyuta, wala hakumshika Anselmi shati. Aliuliza, "Ndiyo kukaa naye huku?" Swali lilikuwa lako. Mwanamume aliyefikiri siku nyingi kabla ya kuruhusu alikuwa amekuamini wewe, si chumba. Ungemwambia jioni ile ya kwanza kwamba kanuni imekuzuia, huenda angenung'unika, huenda angekwenda mwenyewe kuuliza. Hukumpa nafasi hiyo. Uliamua peke yako kwamba baraza ni chumba.

Lakini najua pia namna ulivyokuwa umebanwa. Mume ana sharti lake, chumba cha intaneti kina sharti lake, na yote mawili yana sababu nzuri, na wewe umesimama katikati unampa kila mmoja jibu analotaka kusikia. Wanawake wengi wanaishi hivyo. Inachosha, na haifiki popote.

Basi leo, kabla hujalala na hofu nyingine, kaa na mumeo. Usianze na nafasi ya chuo, atadhani unanunua msamaha. Anza na uongo wako, useme wote bila kumsingizia mtu. Ukimaliza, nyamaza umwache aseme, hata akisema vikali. Ndipo umweleze kuhusu nafasi na mwisho wa mwezi. Asipoamini, usimwapie. Mwombe aende akaone kwa macho yake.

Nendeni asubuhi watu wakiwa wachache. Mwambieni Anselmi, au mkubwa wake kama yeye hana mamlaka, awape kiti kando ya mlango, pale ambapo mzazi anamwona mtoto wake na hawezi kusoma kioo cha mtu yeyote. Kanuni ilitungwa kufukuza wadaku, haikutungwa kufukuza akina mama, na msimamizi mwenye akili anaijua tofauti. Na akitaka kumwelekeza msichana, aelekeze kwa mdomo, mikono yake abaki nayo.

Halfan akikataa hata baada ya kuona, mwite dada yake au mtu wa kwao anayemheshimu. Usimzunguke tena, hata kwa jambo jema.

Kuna jambo moja limenisumbua katika barua yako. Nimesikia alichosema mumeo, nimesikia alichosema Anselmi, na wewe nimekusikia sana. Rehana amesema sentensi moja tu, nayo ni ya kukutupia wewe mzigo. Msichana anayetaka kuwahudumia wagonjwa hajaulizwa na mtu yeyote kama bado anautaka uuguzi. Muulize, tena mbele ya baba yake. Akisema ndiyo, mwacheni akae kwenye kile kiti, aandike jibu kwa vidole vyake mwenyewe, afunge barua pepe yake kabla hajainuka, na ninyi wawili kando ya mlango msimharakishe.

Bi Getruda