Noti Iliyobandikwa Kwenye Paji la Uso la Joan

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, Kawangware, Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, saa tatu asubuhi.

Jina: Nekoye Lusweti
Umri: Miaka 72 kwa kitambulisho. Shahidi anasema aliyeandika kitambulisho alikisia.
Kazi: Kuuza mboga za kienyeji: kunde, saga na managu
Makazi: Kianda, Kibera
Masomo: Hakuna

Mimi ni mtu mzima, akili yangu iko sawa, na macho yangu ya mbali ni mazuri. Ya karibu ndiyo yamechoka, na hata yangekuwa mapya sijui kusoma, kwa hivyo nimemwambia afande aandike kisha anisomee. Joan, aliyeleta malalamiko haya, ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Huyo kijana aliyelala seli, anayeitwa Yasin, simjui wala sijawahi kula kwao. Naanza na hilo ili mtu asiseme nimekuja kutetea wangu.

Joan ni mhudumu katika baa ya Mutie, hapo mtaa wa Kongo. Kila Jumapili nikitoka kanisani huwa napita kumwona. Nakaa kwenye kona karibu na kaunta, nakunywa bia moja, ya moto si ya baridi, na mchungaji anajua.

Mnamo Jumapili tarehe 18 Mei 2025, mwendo wa saa tisa alasiri, nilikuwa nimekaa pale. Watu hawakuwa wengi, na karibu wote walikuwa wanaangalia mpira kwenye televisheni. Mbele yangu alikaa Maurice, mteja wa kila siku, anayeuza vipuri vya pikipiki. Maurice namjua kwa kidole chake. Akimwachia Joan bakshishi, anaweka noti kwenye trei halafu anaikandamiza na kidole, na hakitoi mpaka msichana ainame aseme asante mara ya pili na ya tatu. Siku moja nilimwuliza, "Maurice, unaogopa itaruka?" Akaniambia, "Shosho, kunywa bia yako."

Joan ana sheria yake na amewaambia wote: tipu inawekwa kwenye trei, ama chini ya chupa. Haiingizwi kwenye nguo ya mtu. Mwezi uliopita kuna mteja alimwingizia noti kifuani. Siku hiyo alikuja kwangu Kianda akaoga mara mbili. Mimi ndiye nilimchotea maji.

Yasin hakuja kunywa. Ni fundi wa spika, na Mutie alimwita kwa sababu spika za baa zilikuwa zinakoroma. Alikuwa na soda yake. Alipomaliza kazi na Mutie akamlipa, alisema, "Mtu aongee kwa maiki nisikie kama imeshika."

Mutie akasema, "Joan, imba kitu."

Joan akamwambia, "Bosi, mimi ni wa kubeba bia."

Nikamwambia nikiwa hapo hapo kwenye kona, "Imba, wewe! Jikoni mwangu mbona hunyamazi?"

Akaimba. Hakuimba wimbo wa redio. Aliimba ule ninaouimba nikichambua mboga, wa kumbembeleza mtoto ambaye mama yake amechelewa sokoni. Joan akiimba hufunga macho, tangu utotoni. Watu wawili watatu waliacha mpira wakageuka. Sitasema nilisikia nini moyoni kwa sababu afande amesema niseme yaliyotokea.

Sasa hapa sikiliza vizuri, mwanangu, na uandike pole pole.

Yasin alitoa noti mfukoni. Akaenda akambandika Joan kwenye paji la uso, kwa vidole viwili, akarudi nyuma akapiga makofi. Joan alikuwa na jasho la kuzungukia meza, noti ikashika. Halafu ikabanduka. Ilipita puani, ikatumbukia kwenye kola ya blauzi. Yasin akarusha mkono aidake isianguke. Mkono ulifika hapa (shahidi ameonyesha shubiri moja kutoka kifuani) ukasimama. Aliurudisha mwenyewe. Hakumgusa.

Maurice alikuwa amempa Joan mgongo. Aligeuka kwa sababu ya yale makofi, akaona noti na mkono, akapiga kelele, "Fundi, kumbe hiyo ndiyo bei yake?" Baa nzima ikacheka. Hapo ndipo Joan alifungua macho. Alichokuta ni mkono wa mwanaume mbele ya kifua chake, noti ndani ya blauzi, na watu wakicheka.

Akampiga na trei. Mdomo wa kijana ukapasuka. Joan alikuwa anasema, "Umenishika! Umenishika!" Yasin anasema, "Dada, nilikuwa nakutuza tu! Kwetu tunatuza!" Nani angemsikia? Mlinzi wa baa alishamkaba shingo. Maurice naye akapanda juu ya kiti akaapa kwamba ameona mkono ukiingia.

Afande ameniambia Maurice ameandikisha hivyo hivyo, na kwamba kwa hilo kijana anaweza kupelekwa kortini. Ndiyo maana nimekuja. Mkono haukuingia.

Nimeulizwa kutuza ni nini. Nilikaa Makina miaka mingi kabla ya kuhamia Kianda, mpangaji wa mama mmoja Mnubi, Bi Afrah. Siku ya harusi ya binti yake wanawake walipiga ngoma, wakaniambia na mimi niimbe cha kwetu. Nikaimba. Bi Afrah akainuka mbele ya wageni wake wote, akaja akanibandika noti kwenye paji la uso. Nilikuwa mwanamke wa kufulia watu nguo. Hakuna mtu aliyewahi kuinuka kwa ajili yangu. Sikuitoa mpaka nilipofika mlangoni kwangu. Kwa hivyo nilipoona Yasin ameinuka, nilijua anachokwenda kufanya kabla hajafika.

Lakini mtu asinielewe vibaya. Yasin alikosea. Harusini mtu anajua atatuzwa na uso ameuandaa. Baani ni kazini, na uso wa msichana si trei. Angemwuliza. Angengoja afungue macho. Leo nimemwambia hivyo kwenye mlango wa seli, akaniambia, "Ni kweli mama, nilisikia ile sauti nikasahau niko wapi."

Joan naye hakukosea kuogopa. Jana nilimwambia, "Trei ulipiga vizuri. Lakini mkono haukufika." Akalia, akaniuliza, "Kukhu, kwani uko upande wa nani?" Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Nikamwambia niko upande wake, ndiyo maana sitaki abebe kitu ambacho hakikutokea. Vilivyotokea vinamtosha.

Kuhusu Maurice sina mengi. Atoe kidole kwenye noti kwanza, ndipo afundishe watu adabu.

Nimemaliza. Nimesema niliyoyaona, hakuna aliyenituma wala kunipa kitu, na nikiitwa kortini nitayasema tena hivi hivi, Maurice akiwa amekaa mbele yangu.

Alama ya dole gumba la kushoto: NEKOYE LUSWETI

KUMBUKUMBU YA AFISA

Mimi, Konstebo Kavindu, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Alikubali ni yake, akaweka dole.

Mlalamishi, aliyekuwa kwenye benchi la nje, aliomba kuingia, na maelezo yakasomwa mara ya pili mbele yake. Kisha akauliza, "Kumbe hakunigusa?" Shahidi akamjibu, "Hakukugusa, mama." Mlalamishi alieleza kwamba yeye mwenyewe hakuhisi mkono, alifungua macho akauona, na mengine aliyasikia kwa Maurice. Maurice ameitwa arudi kufafanua maelezo yake.

Mshukiwa alitolewa seli. Alimwomba mlalamishi msamaha bila kulazimishwa na mtu. Mlalamishi alimpa pole kwa mdomo uliopasuka, akasema kwa hiari yake kwamba hataki kuendelea na malalamiko. Ombi lake limetiwa kwenye faili na kupelekwa kwa mkuu wa kituo. Mshukiwa ameachiliwa kwa dhamana ya polisi, bila malipo, akingoja uamuzi.

Mkuu wa kituo aliagiza kielelezo, yaani noti moja yenye alama ya poda ya uso, kirudishwe kwa mwenyewe. Nilimpa mshukiwa. Alisema si yake tena. Mlalamishi akamwambia, "Basi weka hapo."

Mshukiwa aliiweka juu ya meza, akaondoa mkono. Mlalamishi akaichukua.

Shahidi aliniuliza, "Umeona, afande?"

Nimemjibu kwamba nimeona.