Vantilatere ya Salamabila

Kasongo

Baba Rosine,

Salamu zimefika, na sabuni uliyotuma imefika. Mutoto iko muzima. Mvua inanyesha.

Unaniuliza kwa hasira kwa nini nimeua tomati zako. Sikiliza. Ile kasha ya mbao uliitengeneza wewe mwenyewe ndani ya chumba chetu, ukatundika ampule ya umeme juu ya miche, ukaweka na vantilatere kidogo, feni ya kupuliza joto nje. Halafu ukaing'oa, ukasema unaipeleka Salamabila kuitengenezesha. Lakini ilikuwa inazunguka vizuri! Ampule ikabaki inawaka ndani ya kasha iliyofungwa, miche ikaiva kama sombe, majani ya muhogo ndani ya chungu. Sasa nani ameziua?

Michel wa pikipiki, aliyeleta sabuni, hajui kuficha. Ameiona vantilatere inazunguka huko Salamabila kwa Yvette wako, pembeni ya kitanda. "Mama Rosine, kule joto ni kali," akaniambia, kama anakutetea.

Basi ibaki kule. Mimi nimepanda tena. Ampule nimeipandisha, nimetoboa matundu chini ili hewa ya baridi iingie, na mengine juu ili joto litoke. Miche imesimama. Wadudu walipoanza kupitia mule, nikatafuta kitambaa chepesi nyumba nzima. Nikakata shela yangu ya ndoa, nikaipigilia misumari juu ya matundu. Hewa inapita, wadudu hawapiti. Toka siku ile ya kanisani, hiyo shela haijawahi kufanya kazi ya maana namna hii.

Usijibu.

Régina