Masikio ya Baba

Makongeni, Thika
3 Machi 2025

Kanini mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yanayonikumbusha umri. Wajukuu wangu hawajambo? Na biashara huko Gatongora inaendaje?

Samahani kwa kukusumbua kuniandikia ujumbe kila mara, lakini nikipigiwa simu sisikii kitu. Masikio yangu niliyaacha kiwandani kwenye mashine za kufuma, na nilipostaafu hakuna aliyenirudishia.

Habari ni kwamba jirani yetu Mama Vimla amehamia kwa mwanawe Uingereza, akaniachia yule mbwa wake mdogo wa aina ya teria, Jalebi. Ukimbeba ni kama kubeba kuku. Lakini mtu akifika getini, ananirukia gotini na kunikwaruza mpaka niinuke. Sasa nina masikio tena, Kanini! Tangu mama yako atutoke sijalala vizuri hivi.

Mchana namfunga mnyororo shingoni kama mbwa yeyote wa ulinzi, usiku namfungulia. Jirani yangu Nzau anacheka ati mnyororo ni mkubwa kuliko mlinzi.

Ni mimi Baba yako.


Gatongora, Ruiru
4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na watoto wanauliza huyo Jalebi analiwa kama zile jalebi tamu za Kihindi au anabweka.

Nimefurahi umepata mwenzako. Lakini nimemuuliza Dianah, daktari wa mifugo aliye karibu na duka langu, naye anasema mbwa hawa wadogo ni wa kuangaliwa. Meno yao huoza mapema, magoti huteguka, na mnyoo mdogo tu huwamaliza. Usimpe mifupa ya kuku wala mafuta ya nyama. Na zaidi ya yote, amechanjwa kichaa cha mbwa? Muulize Mama Vimla. Usicheke, Baba, najua unacheka.

Binti yako,
Kanini


Makongeni, Thika
14 Machi 2025

Kanini,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sijambo sana.

Jalebi ana kitu kooni. Tangu juzi ananyoosha shingo, anafungua mdomo, mwili mzima unatetemeka na mate yanamtoka. Leo asubuhi nilidhani ni mfupa, maana kweli nilimpa, usinigombeze. Nikaingiza vidole kooni kuutafuta. Sikupata kitu. Jino lake likanichana kidole, damu ikatoka kidogo tu.

Magdalene wa nyumba ya nyuma alikuwa anatazama juu ya ua. Sikumsikia, lakini midomo yake niliisoma vizuri. Alisema: kichaa. Sasa Nzau na wenzake wamesimama barabarani wakinyoosha vidole kwangu. Hakuna aliyeona damu, na sitamwambia mtu.

Nakutumia video uone mwenyewe.

Baba yako.


Gatongora
14 Machi, adhuhuri

Baba,

Leo sina salamu, nisamehe.

Osha hicho kidonda sasa hivi, kwa sabuni na maji ya mfereji, robo saa nzima, hata kama kimekauka. Kisha nenda hospitali ukadungwe sindano leo hii. Kichaa cha mbwa kikishaonekana kwa mtu hakina dawa, Baba. Hakina! Sindano ni za sasa, kabla hujahisi chochote.

Mama Vimla amenijibu. Jalebi alichanjwa mara moja tu akiwa mchanga, na chanjo hiyo ni ya kila mwaka.

Mfungie ndani. Asiuawe, maana akifa hatutajua alikuwa na nini. Nijibu ukisoma.

Kanini


Gatongora
15 Machi

Baba, hujajibu tangu jana. Simu yako imezimwa. Sijalala.

Nimempelekea Dianah ile video. Hakuitazama hata kidogo kwanza, alisema niongeze sauti. Baba, ile video ina sauti. Jalebi anakohoa! Kikohozi kikavu, kama bata anayelia. Wewe uliona mdomo tu ukadhani ni mfupa. Dianah anasema njia ya pumzi ya mbwa hawa ni laini na hujibana, na kilichoibana ni ule mnyororo wako. Mtoe shingoni leo. Atanunuliwa mkanda wa kifuani.

Lakini sauti si kipimo. Ameniambia mara mbili: mbwa hana chanjo, mtu ana kidonda, kwa hiyo sindano lazima. Jalebi naye aangaliwe siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, tutapumua.

Washa simu, Baba. Tafadhali.

Mwanao


Makongeni
16 Machi, alfajiri

Kanini mwanangu,

Simu niliizima mwenyewe. Niliogopa utaniambia nilichokuwa najua. Kidonda nimekiosha na mnyororo nimeutoa sasa hivi, baada ya kukusoma.

Jana walikuja na marungu. Nilisimama getini na fimbo yangu mpaka wakaondoka, lakini Nzau alionyesha kwa mkono kwamba watarudi. Nikienda hospitali, nani atabaki naye? Nikirudi nitakuta damu ukutani.

Nikiwa kijana nilimwona mtu akifa kwa ugonjwa huu. Walimfunga kitandani, na kikombe cha maji kikiletwa alipiga kelele. Hizo kelele nilizisikia, wakati huo nilikuwa na masikio. Usiku kucha nimekuwa nikinywa maji, Kanini, kuona kama bado yanapita. Tumbo limejaa na bado nakunywa. Ninaogopa. Sijawahi kukuambia hivyo maishani.

Ngoja. Jalebi amenirukia gotini. Kuna mtu nje. Naliona geti likitikisika.

Sifungui.

Baba yako.


Makongeni, nje ya geti
16 Machi

Baba,

Ni mimi. Nimegonga mpaka kiganja kinauma, ndipo nikakumbuka nampigia nani hodi.

Niko na Dianah, amebeba kikapu chenye mlango cha kubebea mbwa. Jalebi anaenda kukaa kwake Ruiru siku hizo kumi, ndani ya chumba kinachofungwa kwa kufuli. Hakuna wa kumgusa. Wewe unaingia kwenye teksi pamoja nami, tunaenda ukadungwe sindano kabla hata ya chai, na tutarudi kila siku watakayotuambia.

Nzau amesimama hapa kando yangu. Dianah amemsikilizisha ile video, naye ameweka rungu chini. Hilo tutazungumza naye baadaye.

Nimepitisha leso ya Mama chini ya geti ujue kweli ni mimi. Ile ya maua ya zambarau. Naona pua ya Jalebi ikiinusa. Sasa ameishika kwa meno, anakuletea.

Fungua, Baba.

Kanini wako